Jina la Vumilia: hili neno maana yake hasa ni nini na limetoka wapi?

MjukuuWaPangani

Habari zenu wanajamvi, wakubwa shikamooni.

Naombeni msaada wa wanaoijua lugha vizuri maana nyumbani kwetu kuna mjadala una wiki ya pili sasa na hauishi. Nina ujauzito wa miezi minane, mtoto ni wa kike tumeshapima, na toka zamani nilijiwekea nadhiri nikipata binti namwita jina la bibi yangu mzaa mama, Vumilia. Bibi ndo kanilea toka nina miaka mitatu, alikua analima mihogo na kusuka mikeka ya ukindu na kwa hiyo hiyo mikeka nimesoma mpaka fomu foo, sijawahi kurudishwa ada hata siku moja. Yani kumpa mwanangu jina lake kwangu mimi sio kitu cha kujadiliwa.

Sasa mume wangu ni mtu wa Unguja na hataki kabisa. Anasema Vumilia ni jina la dhiki, ni kama kumwita mtoto Shida au Tabu au Mateso, unamwandikia mtu maisha ya kuteseka kabla hajatoka tumboni. Yeye anataka Subira. Nikamwambia si ni kitu kimoja hicho, akasema hapana, subira ni jambo la dini lina malipo yake kwa Mungu, kuvumilia ni kuteseka tu basi. Mama mkwe nae simu ikampata huko, akasema kama ni hivyo muiteni Stahimili yaishe. Sasa tuna majina matatu na kila mtu kashikilia lake.

Naomba kujua, haya maneno matatu yana tofauti gani kiukweli, na vumilia asili yake ni wapi, ni Kiarabu au ni letu? Bibi kafariki mwaka juzi, sikuwahi kumuuliza kwanini waliamua kumwita hivyo. Ninachojua kwa mama ni kwamba bibi alizaliwa baada ya wenzake watatu kufa wakiwa wachanga. Matusi hapana tafadhali, nataka kuelewa.

Kipanga_88

Jina linaumba dada. Msikilize mumeo, jina zuri la mtoto ni haki yake.

MwlMstaafu_Korogwe

Binti yangu marahaba, na hongera kwa ujauzito.

Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja kwahiyo niruhusu niandike kidogo kwa urefu maana swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Tuanze na hili la asili. Vumilia ni la kwetu, ni Kibantu, halina uhusiano na Kiarabu. Angalia umbo lake tu, vum-ili-a, hapo hakuna harufu ya Kiarabu. Maneno yaliyotoka Kiarabu mara nyingi yanajifichua yenyewe mwishoni, subiri, stahimili, samehe, fikiri, hayaishii na a. Vitenzi vyetu vya asili vinaishia na a, lima, pika, ngoja, vumilia.

Watu wengi wakiliona wanakimbilia kwenye kuvuma, upepo unavuma, ngoma inavuma, uvumi na kadhalika, kwamba eti mvumilivu ni mtu anayesimama wakati dunia inamvumia. Ni picha nzuri na mimi mwenyewe nimewahi kuisema darasani, ila uzito wa neno naona uko kwenye mkia, hiyo -ilia. Hebu chukua shika, ukisema shikilia maana yake umeshika na hutaki kuachia. Piga, ukisema pigilia ni kupiga tena na tena mpaka kitu kikae. Wazee wa mwambao walivyokua wanajenga nyumba za mawe na chokaa, dari lilikua linapigiliwa siku kadhaa mfululizo, watu wamejipanga na vibao mikononi wanaimba na kupiga pamoja, bila hivyo maji ya mvua yanapita. Tupa, tupilia mbali, yaani kutupa moja kwa moja. Enda, endelea. Huo mkia wa kutendea uliorudiwa mara mbili unaongeza kitu kimoja, kwamba tendo halikatiki, linakwenda mpaka mwisho wake. Kwahiyo ndani ya vumilia kuna kudumu, na huko kudumu kumewekwa na sarufi yenyewe. Mumeo anaposema ni kuteseka tu anakosea, maana neno la kuteseka tunalo, ni teseka, na ukilitazama ni kitu unachotendwa, mtu anateswa anateseka. Kuvumilia unatenda wewe.

Na tofauti ya matatu hayo, wanafunzi nilikua nawapa jaribio moja dogo. Nilikua nawauliza, mtama unaweza kustahimili ukame? Wanasema ndio, hata maafisa kilimo wanasema hivyo kila siku, mbegu zinazostahimili ukame. Unaweza kuvumilia ukame? Ndio pia, tunasikia. Haya, mtama una subira? Darasa zima linakataa. Kwasababu subira inahitaji moyo, inahitaji mtu anayejua kwamba anangojea kitu. Daraja linahimili lori la tani kumi lakini daraja halina subira.

Mtu_wa_Malindi_Unguja

Assalaam alaykum. Mie naungana na mwalimu ila hapo kwenye subira na stahimili nna la kuongeza maana sisi huku tumekaa na vyuo (madrasa) toka wadogo na masheikh wetu walikuwa wakitufafanulia haya.

Subira hiyo inatoka kwenye sabr. Asili ya sabara kwa Kiarabu ni kufunga, kuzuia, kushika kitu kisende. Mtu akikamatwa akafungwa kisha akauliwa hali kafungwa hawezi kujitetea, Waarabu wanasema kauliwa sabran. Na mwezi wa Ramadhani umeitwa mwezi wa subira kwa maana hiyo hiyo, unaizuia nafsi yako na chakula na mengineyo. Kwa hiyo subira ni kuifunga nafsi isiparamie, isilalamike, isikate tamaa. Nabii Yaakub alipoletewa kanzu ya Yusuf ina damu ya uongo alisema fasabrun jamil, subira njema, na wanazuoni wanasema hiyo njema ni ile isiyokuwa na malalamiko kwa watu.

Sasa njoo kwenye maajabu ya herufi hizo hizo tatu, swad, ba na ra. Waarabu wana mmea wakiuita sabir, na sisi tukauchukua, ndio huu mshubiri, na utomvu wake shubiri. Sote tunasema chungu kama shubiri. Mama akitaka kumwachisha mtoto ziwa alikuwa akipaka shubiri kwenye chuchu, mtoto akionja mara mbili tatu basi hataki tena. Na shubiri hiyo hiyo ni dawa ya tumbo, dawa ya ngozi, dawa ya kuungua. Kwa hiyo neno la subira na neno la kitu kichungu kuliko vyote vya jikoni na kwenye kibweta cha dawa ni ndugu wa mzizi mmoja. Dada mueleze mumeo hilo kwa upole, kama anakimbia jina lenye dhiki ndani yake basi hata Subira hajaikimbia dhiki.

Ila na sie tumelipunguza hilo neno. Siku hizi ukimwambia mtu subiri anafahamu ngoja. Daladala inajaza abiria utingo anasema subirini, benki unaambiwa subiri namba yako. Ukisoma tafsiri ya Kurani pale kwenye aya ya 153 Suratul Baqara kwamba Mwenyezi Mungu yu pamoja na wanaosubiri, kijana wa leo anaweza kufahamu kuwa Mungu yupo na waliokaa wanangoja! Wakati sabirina wale ni watu walioshikilia katika njaa na vita na kufiwa. Kungoja kwetu ni ngoja, na wazee waliipambanua vizuri, ngojangoja yaumiza matumbo, lakini subira yavuta heri. Ungeyachukulia maneno hayo mawili kuwa sawa methali zingepigana.

Na stahimili, huyo mama mkwe wako kachagua neno zito bila kujua. Mzizi ni hamala, kubeba. Hamali wa bandarini, yule mchukuzi wa magunia ya karafuu, ni jina kutoka hapo hapo. Himili ni kubeba mzigo. Hiyo sta ya mbele ni ile ya starehe, stahiki, staajabu, staarabu, ni umbo la Kiarabu la ista. Wamisri mpaka leo katika mazungumzo ya kawaida akitaka kusema siwezi tena kuvumilia anatumia istahmil. Kwa hiyo stahimili ni kujitwisha mzigo na kuumudu. Na mja mzito kwa Kiarabu anaitwa haamil, mwenye kubeba, kwa mzizi huo huo. Hivyo wewe dada hapo ulipo ndo maana yenyewe ya neno, miezi minane sasa.

Wanjiku_wa_Naks

Sasa hii ndio discussion nimekuwa nikitafuta, asanteni sana. Niko Nakuru, mimi hufundisha Sunday school na hii maneno ilinisumbua sana kwa Biblia nikaifuatilia.

Watu wengi wanajua 1 Wakorintho 13 juu ya harusi zote lazima isomwe, lakini hawasikizi vizuri. Angalieni mstari wa 7 kwa ile Union Version ya 1952, huvumilia yote, huamini yote, hutumaini yote, hustahimili yote. Umeona vumilia iko mwanzo na stahimili iko mwisho, mstari mmoja. Kama zingekuwa kitu moja kwani wangeandika mara mbili ya nini? Nikauliza pastor mmoja amesoma Kigiriki akaniambia pale mwanzo neno lenyewe ni la kufunika, ni la ukoo mmoja na neno lao la paa ya nyumba, yaani upendo unafunika kama paa, mvua inanyesha juu lakini haiingii ndani. Na pale mwisho neno ni la kubaki chini, kubaki chini ya mzigo na usitoroke. Hiyo ya pili wakaweka stahimili, na vile Mtu wa Malindi amesema stahimili ni kubeba, mimi nimeshtuka hapa kwa kiti, inaingiana kabisa.

Na tena kwa Warumi 5 ile neno ya kubaki chini ya mzigo wameweka saburi, dhiki kazi yake ni kuleta saburi. Saburi ni ndugu ya subira lakini kanisani tumeizoea hivyo. Na kwa Wagalatia 5 kwa tunda la Roho wakaweka uvumilivu. Kwa hivyo hawa watafsiri walikuwa na maneno yote matatu mkononi na walikuwa wanachagua.

Ile kitu Mwalimu amesema kuhusu mkia ndio imenifurahisha zaidi juu hata sisi Wakikuyu tuko nayo. Kuvumilia ni gũkirĩrĩria. Ndani yake unaona kira, nyamaza, halafu huo mkia mrefu wa -ĩrĩria. Ni kama kunyamaza na kuendelea kunyamaza. Mkia ni ule ule wa vumilia, tumetoka mbali pamoja. Ila mzizi wetu ni wa kimya, na hiyo sijui kama naipenda vile nilikuwa naipenda jana.

Kigumu_Kampala

Wanjiku kwetu pia iko hivyo. Mimi Mganda nakaa Dar miaka mingi. Kiganda kuvumilia ni okugumiikiriza, na ukikata kichwa unapata guma, kuwa imara, jipe moyo, ndugu yake na gumu yenu ya Kiswahili. Msibani tunawaambia wafiwa mugume. Halafu mkia tena mrefu kweli kweli -iikiriza. Yaani kuwa mgumu na kuendelea kuwa mgumu. Kwahiyo Wakikuyu wameanzia kwenye kunyamaza, sisi tumeanzia kwenye ugumu, mkia sote tunao.

Papa_Bukavu

Jambo wote. Miye niko wa Bukavu. Hapa kwetu Kiswahili tunasema vumilia sawa sawa na nyinyi, lakini muziki na soko vimeleta Lingala nyingi, na Lingala wanasema kanga motema. Kanga ni funga, motema ni moyo. Funga moyo. Nimesoma ile ya ndugu wa Unguja, kwamba sabara ni kufunga, nikasimama kwanza nikasoma mara mbili. Waarabu huko na watu wa mto Congo hapa, hawakukutana kuulizana, wote wamesema kufunga.

Na majirani zetu wa Rwanda na Burundi kwenye kilio wanakuambia ihangane. Siku nilipofiwa na baba yangu, mama mmoja Mnyarwanda jirani yetu alinishika mikono miwili akasema ihangane, hakuongeza lingine, akakaa na sisi mpaka usiku, kesho yake akarudi tena. Kwa ile siku nilielewa neno hili halisemwi na mtu ambaye anaondoka. Ukiliambia mtu, unakaa naye.

Nesi_Kanda_ya_Ziwa

Samahani wapendwa, naomba na mimi niongee na sitakua na maneno matamu.

Mimi ni nesi, nimekaa wodi ya wazazi miaka tisa. Neno vumilia nimelisema mara nyingi kuliko mtu yeyote hapa na nimelisikia likisemwa vibaya kuliko mtu yeyote hapa. Kuna vumilia ya mkunga aliyemshika mama mkono anamwambia vumilia mama, bado kidogo, kichwa nakiona. Halafu kuna vumilia nyingine. Kuna dada aliletwa kwetu mkono umevunjika na jicho limevimba, mara ya tatu hiyo, na mama yake mzazi kakaa pembeni ya kitanda anamwambia vumilia mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo, hata mimi nilivumilia kwa baba yako. Nilitoka nje nikalia. Alafu kwenye vikao vya kumfunda bibi harusi ni hivyo hivyo, vumilia vumilia vumilia, mvumilivu hula mbivu, na hamna anaemwambia mbivu zenyewe ni zipi na zinaiva lini.

Kwahiyo mume wa huyu dada mimi simlaumu. Inawezekana nae kakulia sehemu ambayo hili neno alikua anaambiwa mama yake. Nyie mnaelezea mizizi na mikia, sawa, nimejifunza na nashukuru, ila neno linaishi kwa jinsi watu wanavyolitumia, na hili limetumika sana kuwanyamazisha wanawake. Wanjiku kasema hapo kwao ni kunyamaza kabisa. Bora basi hiyo stahimili ya kubeba mzigo, mana mzigo hata hamali anautua akifika. Akizidiwa anautua njiani.

Dogo_wa_Temeke

Kitaa hatusemi vumilia siku hizi, tunasema komaa, au kaza. Komaa mwanangu maisha ndo haya. Na ukipitia kipindi kigumu cha muda mrefu uko kwenye msoto, unasota, kama mtoto anaesota chini kwa makalio kabla hajajua kutembea, anaenda ila polepole na anachubuka. Ndugu zetu Wakenya wao wakisema nimesota wanamaanisha hawana hela, nayo haiko mbali. Alafu kuna hii ya wazee jikaza kisabuni, mi naikubali sana, sabuni inajikaza lakini kila ukiogea inapungua. Nesi nadhani ndo hicho anachokisema, kuna watu wanajikaza mpaka wanaisha.

Komaa naipenda kwasababu hata ndizi inakomaa. Ukikomaa unatoka kitu, sio umebaki vile vile.

Mtu_wa_Malindi_Unguja

Nesi umesema kweli na mie sina la kukupinga. Hata kwa wanazuoni, subira ya kukaa na dhulma uliyo na uwezo wa kuiondoa haikusifiwa. Nabii Ayubu ambaye tenzi za kale za Kiswahili zimemsimulia kwa subira yake, kwenye Suratu Swad anasifiwa, tulimkuta ni mwenye kusubiri, na huyo huyo kabla ya hapo alimwita Mola wake akamweleza yaliyompata. Hakunyamaza. Aliomba yaondolewe, na yakaondolewa. Kwa hiyo anaemtumia Ayubu kumwambia mtu nyamaza kamsoma nusu.

MwlMstaafu_Korogwe

Nimerudi. Nesi binti yangu, pole kwa uliyoyaona, na asante kwa kuyasema hapa. Nimekaa na maneno yako usiku kucha karibu.

Nataka nirudi kwenye swali la mwenye uzi maana naona kuna jambo tumelipita wote, nikiwemo mimi, na liko kwenye swali lake mwenyewe mwanzo kabisa. Subira ni nomino. Ni kama Neema, Zawadi, Baraka, Rehema. Ukimwita mtoto Subira unampa kitu, unasema huyu ni subira yetu au awe na subira. Shida, Tabu, Mateso nazo ni nomino vile vile. Lakini Vumilia siyo nomino. Ni kitenzi, na ni amri. Ni kama jina la Tulia. Amri ina mtu anayeambiwa. Sasa tujiulize, siku mtoto anapewa jina hilo nani alikuwa anaambiwa vumilia? Mtoto wa siku saba hajui lugha.

Majina yetu mengi ni mazungumzo ya wakubwa yaliyobaki kwa mtoto. Nimefundisha watoto wanaitwa Sikudhani, Sikujua, Siamini, na hakuna hata mmoja ambaye anayesema hilo sikudhani ni yeye, ni mama yake au baba yake ndiye hakudhani. Mtoto amebeba tu sentensi ya mzazi. Wewe umeandika kwamba bibi yako alizaliwa baada ya wenzake watatu kufa wachanga. Mimi nikisoma hapo naona mtu mmoja aliyekuwa amesimama karibu na mama aliyezika watoto watatu, na sasa ana wa nne mikononi na anaogopa hata kumpenda. Huyo ndiye aliyeambiwa. Kama nimeona sawa basi jina hilo halimhukumu mtoto kuteseka hata kidogo, mtoto ndiye aliyekuwa faraja yenyewe. Ila usinichukulie mimi, kama kuna mtu mzima yeyote bado yupo upande wa bibi yako muulize haraka. Sisi wazee hatukai sana.

Wanjiku_wa_Naks

Mwalimu umeniliza. Dada tafadhali rudi utuambie.

MjukuuWaPangani

Wapendwa nimerudi, samahani nimechelewa, miguu imevimba nilikua naambiwa nipumzike.

Baada ya kusoma ya Mwalimu nilimpigia mama palepale usiku, mama akasema yeye hajui ila bibi mdogo yupo, mdogo wake bibi wa mwisho kuzaliwa, yuko Mwera karibu na Pangani, hasikii vizuri kwenye simu. Kesho yake binamu yangu akaenda na simu akaweka spika. Ikabidi tupige kelele sana. Bibi mdogo anasema yeye alikua hajazaliwa lakini hiyo habari mama yao alikua anaisimulia kila mwaka ikifika msimu wa nazi kwasababu bibi alizaliwa wakati huo. Anasema mama yao alipojifungua huyo wa nne alikataa kumshika. Hakulia wala nini, aligeukia ukutani tu, akasema mpelekeni mnakowapelekaga. Mkunga alikua bibi mmoja jirani, Mzigua, akamfuta mtoto akamvika kitambaa akaenda kulala nae kitandani hapo hapo kati ya mama na ukuta, yani mama akigeuka huku mkunga yuko, akigeuka kule mtoto yuko. Akawa anamwambia vumilia, mnyonyeshe leo tu. Kesho yake tena, vumilia, mnyonyeshe leo tu. Siku ya saba mkunga bado yuko hapo hapo, nyumbani kwake alikua hajarudi. Walipouliza mtoto anaitwa nani mama mtu akajibu yeye mwenyewe, muiteni lile neno.

Papa Bukavu, nilipofika hapo nilikumbuka ulichoandika, kwamba hilo neno halisemwi na mtu anayeondoka.

Dada Nesi, na wewe nakushukuru sana, nimemsomea mume wangu ulichoandika neno kwa neno. Alinyamaza muda mrefu. Akaniambia umekisia kweli. Mengine ni yake siwezi kuyaandika hapa.

Jina bado hatujamaliza kukubaliana. Ila jana kaniuliza Mwera ni mwendo gani kutoka Tanga mjini, na kama barabara haitanitikisa sana kwa hali hii. Anataka aisikie kwa bibi mdogo mwenyewe, tena amesema atakaa upande ule wa sikio linalosikia. Tunaenda Jumamosi.

MwlMstaafu_Korogwe

Mpeni shikamoo yangu. Na mkienda muulizeni jina la huyo mkunga.